Nasaha kwa Anayevuka Sirari Kumtembelea Mchumba

Anayekwenda kumtembelea mchumba ng'ambo ya mpaka hupokewa na dola kwanza, kisha na ukoo, na mchumba mwenyewe huwa wa mwisho. Vijana wengi hujiandaa kwa ajili ya huyo wa mwisho tu. Hununua shati jipya, husuka nywele, huongea na simu usiku kucha, halafu hufika Sirari bila hati na hubisha hodi kwa watu bila taarifa. Nasaha hizi zinawahusu hasa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wenye wachumba Migori, Kisii, Kisumu au Nairobi, pamoja na wenzao wanaokuja huku kutoka Kenya. Ofisa uhamiaji humuuliza mgeni dirishani yeye ni nani, anakwenda kwa nani na atarudi lini. Jioni ya siku hiyo hiyo mzee wa boma atauliza yale yale, kwa maneno ya upole zaidi. Mwenye adabu huwa na majibu kabla hajapanda gari, na huwapa wote wawili majibu yanayofanana.

Mpaka wenyewe una historia inayowachanganya watu. Mstari huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya 1886 na 1890, ukawakata Wakurya na Wajaluo pande mbili. Mkurya wa Tarime huwa na wajomba upande wa Kenya, na Mjaluo wa Rorya huoa Migori kama anayeoa kijiji cha pili. Kwa hiyo wapo wanaoona kuwa hati ni mambo ya watu wanaopanda ndege. Wazee wao wanajua vinginevyo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Uchumba ulioanza kabla ya hapo ulilazimika kusubiri zaidi ya miaka sita, au kupitia njia za panya na hofu zake zote. Urahisi wa sasa umetokana na Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010.

Safari ya heshima huanzia nyumbani. Anayeondoka Bunda au Butiama huwaambia wazazi, au angalau kaka, dada au shangazi anayeaminika, anakokwenda: jina kamili la mwenyeji, kijiji au mtaa, namba ya simu ya mtu mwingine wa huko mbali na mchumba, na siku ya kurudi. Kwa msichana jambo hili lina uzito wa pekee. Wapo walioitwa ng'ambo kwa ahadi ya ndoa wakajikuta watumishi wa ndani wasiolipwa, na aliyeaga kwa uongo kwamba anakwenda Mwanza kwa rafiki hana wa kumtafuta. Uhusiano ulioanzia kwenye simu bila watu hao kuonana hata siku moja unahitaji tahadhari zaidi: mkutano wa kwanza ufanyike mahali pa wazi mchana, na nauli ya kurudi ibaki mfukoni mwa msafiri, isiachwe mikononi mwa mwenyeji.

Butiama ina mfano wake wa uchumba wa mbali, tena wa mbali kuliko Nairobi. Julius Nyerere alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, alikuwa ameshachumbiana na Maria Gabriel, aliyekuwa mwalimu. Alirudi mwaka 1952 na wakafunga ndoa Januari 1953. Miaka hiyo yote hapakuwa na simu wala basi la kumpeleka mtu kusalimia wikendi. Uchumba uliokwisha kujulikana kwa watu una walinzi wengi, na safari zake hazina haja ya kufichwa.

Baada ya kuaga, hati. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Kitambulisho cha NIDA, hata kiwe kipya namna gani, si hati ya kusafiria. Anayetoka Mkoa wa Mara anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji kwa safari za nchi jirani. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hulipiwa shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Anayetarajia kumtembelea mchumba zaidi ya mara moja afadhali ajibane aipate hiyo. Maombi hushughulikiwa katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iliyopo Musoma, na anayeanza kufuatilia cheti cha kuzaliwa wiki ya safari atakuwa amechelewa. Chanjo ya homa ya manjano nayo ina hesabu yake: cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 cheti kimoja hutosha maisha yote. Kadi ya njano iliyonunuliwa kwa mtu bila sindano ni udanganyifu kwa dola, na ni hatari kwa mwenye nyumba anayempokea mgeni huyo.

Mchumba asiyetoka ndani ya Jumuiya, kwa mfano Mwingereza au Mmarekani anayepitia Nairobi, hufuata utaratibu mwingine: Kenya humtaka kibali cha kielektroniki kabla ya safari tangu Januari 2024, na Tanzania humtaka viza. Mwenyeji wake wa Musoma anamdanganya akimwambia kuwa mpakani watu hupita tu.

Mzigo ndio huwaponza wengi, kwa sababu mgeni wa Kiafrika hafiki mikono mitupu. Dagaa wakavu wa Musoma, samaki waliokaushwa vizuri, kitenge cha mama mkwe, asali, unga wa muhogo na mtama: hizo ni zawadi zinazompa mtu uso mbele ya wakwe. Lakini zawadi ina kipimo chake. Dagaa wa kujaza ndoo ndogo hueleweka dirishani. Dagaa wa magunia matatu ni biashara, na ofisa wa forodha hatadanganyika kwa kuambiwa kuwa familia ya mchumba ni kubwa. Anayetaka kuchanganya mapenzi na biashara ndogo ana njia halali: bidhaa zinazokubalika zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupitishwa kwa cheti rahisi cha uasili, na aende kukiomba akiwa na mzigo wake wazi.

Vipo vitu ambavyo mgeni havibebi kabisa. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 4 au faini ya shilingi milioni 4 za Kenya, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Dagaa wafungwe kwenye kapu au kiroba. Nyamapori kutoka vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti si zawadi hata ikiwa imekauka na kunukia vipi. Bila vibali ni kesi. Mkenya anayekuja Musoma akumbuke kuwa mirungi, ambayo kwao huuzwa hadharani, huku ni dawa ya kulevya mbele ya sheria. Mchumba aliyekamatwa nayo Sirari huwaingiza wakwe watarajiwa polisi kabla hawajamwona sura. Na kifurushi cha mtu mwingine hakipokelewi stendi ya Bweri wala kwenye kiti cha gari, hata aliyekileta akiapa kuwa ni dawa ya bibi yake Migori. Bangi ya mpakani imewapeleka jela watu waliokuwa wakisaidia tu.

Kufika mpakani si kazi. Wa Musoma huanzia Bweri, wa Butiama hutokea barabara kuu pale Makutano, na wa Bunda hupanda gari lolote linalotoka Mwanza kwenda Sirari. Gari huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hupita Tarime, na abiria hushushwa kwenye kundi la bodaboda, wapiga debe na wabadilisha fedha, wote wakimwita mgeni jina la ukoo. Hapo ndipo tabia ya mtu hujulikana. Mwenye adabu huitikia salamu, hukataa kwa upole na huendelea kutembea. Hampi mtu yeyote pasipoti yake «amsaidie foleni». Kijana mwenye mavazi ya kuvutia na ulimi mtamu si mtumishi wa Uhamiaji, na huduma anayouza ni ile ile inayopatikana bure ndani.

Sirari, upande wa Tanzania, na Isebania, upande wa Kenya, zina kituo cha pamoja cha huduma mpakani. Msafiri hahitaji kusimama pande mbili: anayetoka Tanzania huenda jengo la upande anakoingia, ambako ofisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka na wa Kenya humgongea wa kuingia. Anayerudi hufanya hivyo upande wa pili. Kupita pembeni kwa bodaboda kwa sababu foleni ni ndefu, au kuvuka kwa mtumbwi kutoka mwalo mmoja wa ziwa hadi mwingine bila kupita kwa ofisa, humwacha mtu nchi ya wenyewe bila muhuri. Kosa hilo halionekani siku ya kwanza. Huonekana wiki ya pili, polisi wakisimamisha matatu, na mchumba akilazimika kumwomba baba yake pesa za kumtoa mgeni mahabusu.

Dirishani husemwa ukweli, tena mfupi. Akiulizwa madhumuni ya safari, msafiri aseme anakwenda kumtembelea mchumba, ataje jina, mahali na siku. Wengi huona haya, hasa mwanamke anapohojiwa na ofisa mwanaume mbele ya foleni, wakabuni semina au mgonjwa. Uongo huo hauna faida: kumtembelea mchumba si kosa, na raia wa Jumuiya hupewa pasi ya mgeni bila malipo. Ila ofisa akipiga simu kwa mwenyeji na majibu yakapishana, mgeni aliyekuwa halali huanza kutiliwa shaka. Kanuni za Soko la Pamoja zinaruhusu pasi ya hadi miezi sita, lakini kinachomfunga msafiri ni idadi ya siku alizoandikiwa. Asome muhuri kabla hajaondoka dirishani. Akiombwa «chai», aombe kwa utulivu risiti na kifungu cha ada hiyo. Mara nyingi ombi hilo humaliza mazungumzo bila ugomvi. Kutoa rushwa ni kosa nchi zote mbili. Kwa mkwe mtarajiwa ni aibu vilevile, kwani habari za mpakani husafiri haraka kuliko magari.

Fedha ibadilishwe kwa kiasi. Afadhali mgeni awe amekwisha kuuliza kiwango cha siku kabla ya kushuka, ahesabu noti mkononi mwake mwenyewe, na asikubali hesabu irudiwe na mbadilishaji baada ya yeye kuridhika, maana mchezo wa kupunguza noti hufanyika kwenye huo mzunguko wa pili. Laini ya simu ya Kenya husajiliwa kwa hati ya mgeni mwenyewe. Kuomba mtu wa stendi asajili kwa jina lake ni kujitafutia kesi isiyo yake.

Njia ya kwenda Migori, Kisii na kwingineko humkutanisha Mtanzania na Kiswahili kingine. Mkenya wa bara huweza kusema «nipe maji» au «leta hiyo» bila kukusudia kumdharau mtu, na Mtanzania aliyekulia kwenye «naomba» na «samahani» husikia amri. Naye Mtanzania, kwa kuzungukazunguka kabla ya kusema shida yake, huonekana kama anaficha kitu. Lililo bora ni kila mmoja kubaki na adabu za kwao bila kumhukumu mwenzake kwa kipimo chake. Shikamoo si desturi ya kila mahali Kenya. Mzee wa Kisii anaweza kuipokea kwa tabasamu asijue la kujibu. Mgeni aitoe hata hivyo, kisha asalimie kwa namna ya wenyeji, na ajifunze salamu mbili tatu za lugha ya nyumbani kabla ya kufika. Mambo ya nani anajua Kiswahili zaidi, au nchi ipi ina pesa, si mazungumzo ya mezani kwa wakwe. Watani wa jadi hutaniana baada ya kuzoeana.

Kufika kwenyewe kuna mpangilio. Mgeni aliyetarajiwa hufika mchana, akiwa ameoga na kubadili nguo za safari, ikiwezekana akiwa na mshenga au ndugu wa makamo. Kijana wa kiume asiyewahi kutambulishwa hafiki peke yake nyumbani kwa wazazi wa binti. Humsubiri mwenyeji wake dukani au kanisani, akapelekwa. Kwa Wajaluo na Wakurya, pande zote mbili za mpaka, mkwe na mama mkwe hupeana nafasi: si kila salamu ni ya mkono, si kila kiti hukaliwa, na mkwe hazunguki jikoni wala chumba cha wazazi. Desturi hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, na baadhi ya familia za mjini zimeziacha, kwa hiyo mchumba aulizwe mapema: nani anasalimiwa kwanza, kwa mkono au bila mkono, nani hatajwi kwa jina. Mchumba anayemwacha mgeni wake ajikwae mbele ya wazee kwa kutomwambia haya ana lawama kubwa kuliko mgeni.

Suala la malazi lisiachwe hadi usiku. Wachumba wasiooana hawalali chumba kimoja nyumbani kwa wazazi, hata kama mjini wanakoishi wamezoea vingine, na kwa Wajaluo mkwe halali kabisa chini ya paa la wazazi wa binti. Mgeni apangiwe kwa kaka, kwa jirani, au gesti. Akiingia gesti ajiandikishe kwa jina lake la kweli na hati yake mwenyewe. Mkenya aliyelala Butiama au kwenye mitaa ya Musoma atambulishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Mtanzania aliyeko Kenya atambulishwe kwa naibu wa chifu au wazee wa nyumba kumi. Ni dakika chache za mazungumzo, na zinamwondolea mwenyeji minong'ono ya majirani kuhusu mgeni asiyejulikana.

Mgeni hula anachopewa. Mtu wa Musoma akikuta dagaa wa ziwa lile lile wamepikwa kwa namna nyingine, asianze kufundisha mapishi. Zawadi hukabidhiwa kwa mama wa nyumba au kwa mshenga, haifunguliwi kwa mbwembwe, na bei yake haitajwi. Mahari hayazungumzwi na mgeni aliyekuja kusalimia. Hapa mpaka huleta kishawishi cha pekee, cha kupiga hesabu za ng'ombe kwa shilingi za nchi mbili na kutafuta upande ulio nafuu. Wazee wanaiweza hesabu hiyo. Kijana anayeifanya sebuleni huonekana ananunua. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu haijapitwa na wakati katika vijiji vya pande zote mbili: kukaa wiki nzima kibarazani na simu mkononi huku wenyeji wakipalilia ni tabia itakayosimuliwa miaka mingi. Kusaidia shambani kwa wenyeji hakuna ubaya. Kufanya kazi ya mshahara, au kufungua kibanda cha biashara kwa pasi ya mgeni, ni jambo jingine kabisa, na linahitaji kibali cha kazi.

Huko kukaa kuna mwisho. Siku zilizoandikwa zikikaribia kuisha, mgeni huaga, au huenda ofisi ya uhamiaji kuomba nyongeza kabla ya tarehe kupita. Kuzamia kwa sababu ya mapenzi huwafanya wakwe kuwa wenyeji wa mtu asiye halali, na siku ya kurudi huleta faini au kuzuiwa kuingia tena. Kuaga nako kuna taratibu: wazee hujulishwa siku moja kabla, hawashtukizwi asubuhi begi likiwa mlangoni, na aliyepewa kuku wa safari aulize kwanza kama anaruhusiwa kuvushwa; kama haruhusiwi, achinjwe aliwe huko huko. Akifika kwao, msafiri hupiga simu kwa wazee wa mwenyeji kabla ya kuanza kusimulia. Yaliyoonekana ndani ya nyumba ya watu, umaskini wao au ugomvi wao, hayapelekwi kijiweni Bunda.

Wachumba wakiamua kuoana, safari za kutembeleana hugeuka kuwa makaratasi, na ni vema wakajua mapema kuwa ndoa peke yake haimpi mtu haki ya kukaa wala uraia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla; upande wa Kenya Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 2014. Mgeni huombwa cheti cha kuonyesha kuwa hana kipingamizi cha ndoa kwao, na aliyewahi kuoa au kuolewa asilifiche hilo, kwa sheria wala kwa wakwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu aliyeoana na Mkenya kwa miaka 7 kuomba uraia, na inakubali uraia pacha. Tanzania haiukubali kwa mtu mzima: mke Mkenya anayeishi Musoma ataishi kwa hati ya ukaazi, na akitaka uraia wa Tanzania atalazimika kuuacha wa Kenya. Watoto wao wanaweza kuwa na uraia wa nchi zote mbili hadi watimize miaka 18, ndipo sheria ya Tanzania itawataka wachague. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa viandikishwe mapema, majina ya wazazi yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti zao, herufi kwa herufi.